Sahani Nyuma ya Sponji

Katika mashine ya kupigia polishi magari kuna kifaa kimoja ambacho mwenye gari hakioni kabisa, na ambacho fundi mwenyewe aghalabu hukikumbuka siku kinapomsaliti. Ni ile sahani ya mpira au plastiki ngumu inayofungwa kwenye shafti ya mashine, na ambayo sponji hushikamana nayo. Vijana wanaofanya kazi hiyo uani kwangu huiita pedi, na sponji nayo huiita pedi, hata wanapogombana kuhusu pedi iliyopotea inabidi kwanza waulizane ni pedi ipi. Mimi naiita sahani, kwa sababu ina umbo la sahani, na kwa sababu nilifundisha darasa la kwanza kwa miaka mingi kabla ya kuwa mwalimu mkuu, nami sipendi vitu viwili vyenye jina moja.

Msomaji aishiye mbali na Arusha anaweza kushangaa kwamba mwalimu mstaafu ana la kusema juu ya jambo kama hili. Hapa kwetu, gari ni shamba. Familia nyingi za mjini, na nyingine huku juu kwenye migomba chini ya Mlima Meru, zinakula kwa Land Cruiser au Land Rover yenye paa la kufunguka, inayopeleka wageni Manyara, Ngorongoro na Serengeti na kurudi imefunikwa vumbi hadi namba haisomeki. Na vumbi letu si la mchezo. Sehemu kubwa ya udongo wa pande hizi ni majivu ya volkano: Meru yenyewe, yenye mita 4,566, ilitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na Ol Doinyo Lengai ililipuka kwa nguvu mwaka 2007 na kuendelea hadi 2008. Chembe za majivu hayo ni kali kama msasa. Dereva akilifuta gari kwa kitambaa kikavu, hata kwa nia njema kabisa, ameshalichora. Ongeza miba ya migunga, ongeza jua la nyikani, nawe utaelewa kwa nini kila mwaka kabla ya mwezi Juni wenye magari hutafuta mtu wa kuyarudishia uso.

Mjukuu wangu aliingia katika kazi hii kupitia mlango wa nyuma. Alimaliza kidato cha nne mwaka 2019, hakuchaguliwa kuendelea, akaenda kushika msasa kwa fundi rangi mmoja mtaa wa Unga Limited. Mwaka uliofuata ulikuja ugonjwa wa korona. Wageni walioingia nchini mwaka 2019 walikuwa zaidi ya milioni 1.5, mwaka 2020 walishuka hadi laki sita na kidogo. Magari yakalala chini ya miti, ndege wakayafanyia walichotaka, na kinyesi cha ndege kikikaa juu ya rangi kwa wiki nyingi huila. Basi wageni walipoanza kurudi, kazi ya kwanza ya kila mwenye gari ilikuwa kung'arisha. Kijana akaniomba ua wangu wa Sakina, mbele ya nyumba, upande wa barabara ya kwenda Namanga. Nikakubali. Wakawa vijana wanne, ndoo sita, mpira wa maji, na grenda moja.

Grenda, kwa asiyeijua, ni mashine ya kukatia na kusagia chuma. Ile ndogo huzunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na nyingi hazina kitufe cha kupunguza mwendo: ni kuzima au kuwasha. Mashine halisi ya polishi huanza kama mizunguko 600 na huishia 3,000 hivi, na fundi huchagua mwendo kwa kidole. Lakini shafti ya mashine nyingi za polishi na shafti ya grenda nyingi hufanana, na grenda ni rahisi sana kuipata, kwa hiyo vijana huondoa kinga yake, hufunga sahani ya polishi mahali pa jiwe, na kazi inaanza. Nimeona hivyo katika nyua nyingi za mji huu.

Siku ya ajali sikuwepo. Nilikuwa Ngaramtoni kwenye mazishi. Nilisimuliwa na wote wanne, kila mmoja kwa wakati wake, kama nilivyokuwa nikifanya shuleni, na masimulizi yalilingana. Kapu lao la vifaa lilikuwa na sahani tatu. Moja ilitokana na mashine iliyoletwa na ndugu wa mmoja wao kutoka Marekani, mashine ambayo iliungua siku ya kwanza kwa kuwa umeme wa kule ni volti 120 na wetu ni 230. Mashine ikatupwa, sahani ikabaki. Kijana mmoja, aliye hodari kuliko wote kwa mkono, aliifunga sahani hiyo kwenye grenda. Ilizunguka mara chache, ikakaza kidogo, akadhani imekaa. Alipowasha, iliyumba, ikang'oka, ikapiga mlango wa gari la mteja, ikarudi na kumpasua juu ya jicho la kushoto. Hospitalini walimshona nyuzi tano. Daktari alimwambia kwamba ingeshuka kwa upana wa kidole kimoja, lisingekuwapo jicho la kushona.

Mteja alikuwa dereva anayeongoza wageni, mwenye gari moja tu, tena la mkopo, na safari yake ya kwanza ya msimu ilikuwa keshokutwa. Hakupiga kelele. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa akautazama ule mlango, na nadhani vijana wangependelea apige kelele. Waliulipia mlango huo kwa miezi mitatu.

Nilipowakusanya jioni, mjukuu wangu alisema, "Babu, ni bahati mbaya." Wenzake wakaitikia. Neno hilo lilinikera kuliko ajali yenyewe. Bahati mbaya ni mti kukuangukia barabarani. Nikaiomba ile sahani na grenda, nikachukua rula, miwani na kiberiti cha kumulikia, na tukatazama. Shafti ya grenda yetu ina kipenyo cha milimita 14, na meno yake yameachana milimita 2. Sahani ya Kimarekani imetobolewa kwa kipimo cha inchi 5/8, yaani karibu milimita 16, na ina meno 11 katika kila inchi. Hizo ni familia mbili zisizooana. Shafti nyembamba ikiingia katika tundu pana hushikwa kwa ncha za meno tu, na kwa kuwa hatua za meno zenyewe hazilingani, baada ya mizunguko miwili mitatu hukwama; na huko kukwama ndiko kunakomdanganya fundi adhani kumekaza. Ndani ya tundu tulikuta meno yamekwanguliwa, yanang'aa. Nikawaambia: bahati yenu ni hii hapa, ipimeni kwa rula.

Asubuhi yake nilitundika ubao wa zamani kwenye ukuta wa banda la kuku nikawapa hesabu. Sahani ina kipenyo cha milimita 180, tafuta mzingo. Wakapata sentimita 56 na nusu. Mashine inazunguka mara 1,500 kwa dakika. Ukingo wa sahani unakwenda kilomita ngapi kwa saa? Wakapata 50 na kidogo, mwendo ule ule unaoruhusiwa kwa gari ndani ya mji. Sasa ifunge kwenye grenda yenye mizunguko 11,000. Jibu lilipotoka, zaidi ya kilomita 370 kwa saa, mmoja alirudia hesabu mara mbili akidhani amekosea nukta. Kisha tukaigeuza ile sahani, na mgongoni, kwa herufi ndogo zilizojaa uchafu wa dawa, iliandikwa kwamba isizidi mizunguko 3,000. Kila sahani halali huandikwa kikomo chake. Maandishi hayo yalikuwa kapuni kwao miezi minane.

Tangu siku hiyo nilipiga marufuku grenda ya polishi uani kwangu. Walilalamika, na malalamiko yao yalikuwa na haki: mashine halisi ilikuwa na bei ya grenda kadhaa, na wao walikuwa na deni la mlango. Mwishowe walichanga wakanunua moja, ya mikono ya pili, wakawa wanapokezana. Yule kijana wa jicho hakuchanga. Alisema mashine moja kwa watu wanne ni njaa kwa watu wanne, akabeba grenda yake akaenda kufanya kazi ua mwingine. Sikumzuia, maana ni mtu mzima.

Nieleze sasa namna sahani inavyofungwa, kwa sababu nimewaona wengi wakiifunga kama wanavyofunga kifuniko cha chupa. Kwanza plagi itoke ukutani. Siyo swichi kuzimwa, plagi kutoka. Futa meno ya shafti na ya tundu kwa brashi kavu, kwani punje moja ya mchanga inatosha kuipindisha sahani isikae sawa. Bonyeza kile kitufe kinachozuia shafti isizunguke, kisha ingiza sahani kwa vidole, taratibu. Ikiwa familia ya meno ni ile ile, itateremka yenyewe hadi chini bila kubishana nawe. Ikibishana, acha, utafute sababu. Ikifika chini, kaza kwa mkono. Hakuna haja ya spana wala nyundo, maana mashine inazunguka upande ule ule unaoikaza sahani, na kazi yenyewe itamalizia. Wengine huweka wosha nyembamba ya plastiki kati ya sahani na bega la shafti ili siku ya kuifungua isigome, nami naona ni busara. Kitufe cha kuzuia kisiguswe kamwe wakati mashine bado inazunguka: pini yake ni ndogo, na gia iliyo ndani hailipiki kwa kazi ya siku moja.

Halafu sponji. Sahani lazima iwe ndogo kuliko sponji, inchi nusu au inchi nzima, ili ukingo mgumu usije ukagusa rangi. Sponji iwekwe katikati barabara. Hapa vijana hukadiria kwa jicho, na jicho hudanganya. Nguvu inayoivuta nje sponji iliyokaa upande huongezeka kwa mraba wa mwendo: ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu huwa mara nne. Ndiyo maana mashine inayotikisika kidogo kwenye mwendo wa chini hugeuka punda mwitu kwenye mwendo wa juu, na beringi zake hufa kabla ya wakati. Kwa hiyo kabla ya kugusa gari, mashine iwashwe mwendo wa chini kabisa, uso wa sponji ukitazama mahali pasipo na mtu, na fundi autazame ukingo. Ukingo uliotulia huonekana kama mstari. Ukionekana kama kivuli kinachopandana, zima uanze upya.

Kuna na ile mashine ya aina ya pili, inayozunguka huku ikitikisika kwa duara dogo, ambayo haichomi rangi upesi. Hiyo sahani yake haibadilishwi ovyo kwa kubwa zaidi, kwani ndani kuna uzito uliopimwa kuilingania sahani yake. Mjukuu wangu huchora mstari wa kalamu nyeusi mgongoni mwa sahani hiyo. Mstari ukionekana umesimama, anajua amekandamiza mno na sahani imeacha kuzunguka. Ni ujanja mdogo mzuri, na hakufundishwa na mimi.

Kuhusu namna sponji inavyoshikamana na sahani, hapo ndipo ninapopenda kukaa. Mtoto yeyote wa Meru aliyepita kwenye vichaka vya kahawa akienda shule anajua kishonanguo, ile mimea ambayo mbegu zake hung'ang'ania kaptula hadi mama akose subira. Mhandisi wa Uswisi, George de Mestral, alirudi matembezini mwaka 1941 yeye na mbwa wake wakiwa wamejaa mbegu za mmea wa namna hiyo wa kwao, akaziweka chini ya hadubini akaona kulabu ndogo ndogo. Ilimchukua miaka mingi. Hataza yake ilitolewa mwaka 1955. Sisi tulizinyofoa tukazitupa, kwa kuwa kengele ilikuwa imelia. Uso wa sahani ni shamba la kulabu hizo, za plastiki, na mgongo wa sponji ni kitambaa chenye vitanzi.

Adui wa kulabu ni joto. Fundi akikandamiza sana, akakaa mahali pamoja, joto la msuguano hupanda, kulabu hulainika na kunyooka, na zilizonyooka hazirudi. Kisha siku moja sponji huruka katikati ya kazi, na sahani tupu hukutana na rangi. Ile rangi angavu ya juu, ambayo mafundi huiita klia, katika gari la kisasa mara nyingi ina maikroni 40 au 50. Unywele wa mtu unaizidi. Na kwenye kona na mikunjo ya bodi ni nyembamba zaidi. Sahani tupu inahitaji nukta moja ya saa kufika chini yake, na hapo hakuna polishi itakayorudisha kitu. Ni kupiga rangi upya.

Kwa hiyo utunzaji wake ni kazi ya kila siku, na ni ya dakika tano. Kazi ikiisha sponji ibanduliwe papo hapo, kuanzia ukingoni, kidogo kidogo, bila kuinyofoa kama mtu anayechuna kuku. Sponji ikilala kwenye sahani usiku kucha kulabu hulala nayo. Mashine isisimamishwe juu ya uso wake. Ilazwe kwa mgongo, au itundikwe. Nyuzinyuzi na dawa iliyokauka zitolewe kwa mswaki wa zamani. Ikichafuka sana, maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, kisha ikauke kivulini. Petroli na tina hapana, kwa sababu huyeyusha gundi inayoshikilia kulabu kwenye mpira, na gundi hulegea kuanzia pembeni, mahali ambapo kidole cha mtu mwangalifu kingegundua na kidole cha mtu mwenye haraka hakipiti. Sahani iliyoanguka kwenye saruji izungushwe peke yake na kutazamwa kabla haijapewa sponji.

Nilipokuwa Chuo cha Ualimu Marangu miaka ya mwanzo ya 1970, mkufunzi wetu wa kazi za mikono alikuwa na desturi ya kukagua zana kabla ya kukagua kazi. Meza yako iwe nzuri namna gani, kama randa yako ina kutu anakupa sifuri. Tuliona ni uonevu. Wakati huo Elimu ya Kujitegemea ilikuwa neno la kila hotuba, na sisi tulidhani kujitegemea ni kulima bustani ya shule. Yule mzee alikuwa akitufundisha kwamba anayejitegemea hana wa kumlaumu zana ikimharibikia. Nimeitumia desturi yake kwa vijana hawa: kila Jumamosi jioni sahani zote zinapangwa juu ya ubao, nami napitisha kidole.

Na hapa pana jambo ambalo halijaniacha nilale vizuri. Sahani ikichoka, nifanyeje nayo? Mimi ni mtoto wa watu wasiotupa kitu. Viatu vyangu vya kwanza vilikatwa kwenye tairi, na taa ya kusomea ilikuwa kopo la maziwa. Katika mji huu kitu kilichotupwa asubuhi huuzwa mchana. Ndiyo maana mwanzoni sahani zilizochoka zilikwenda kwenye ndoo nyuma ya banda, na kila Jumatatu ndoo ilikuwa tupu. Zilikwenda wapi? Kwenye grenda za nyua nyingine, bila shaka. Tulizokataa kuziamini sisi, mtoto wa mtu mwingine alizifunga. Nikaamuru ziharibiwe: kulabu zichunwe kwa kisu, tundu lipigwe nyundo. Vijana walitii, lakini niliona walivyotazamana. Kuharibu kitu ambacho maskini angekitumia kunafanana sana na ubahili, na mke wangu aliniambia hivyo waziwazi. Sikubadili amri.

Mwezi uliopita yule kijana wa jicho alikuja. "Shikamoo, Mwalimu." Kovu limekatiza nyusi. Alikuwa amesikia kuna sahani za kutupwa, akaomba moja tu, ya kwake imeachia gundi upande mmoja naye analishikiza kwa gundi ya viatu. Mjukuu wangu alinitazama. Kwenye ubao palikuwa na moja iliyosubiri nyundo, na kwa kweli ilibakiza wiki mbili za maisha kwa mtu mwenye mkono mwepesi kama wake. Nilimuuliza bado anatumia grenda. Akasema ndiyo. Nikamuuliza kinga yake iko wapi. Akacheka, akatazama chini.

Sikumpa. Nilimwambia mashine yetu inalala bure kila Alhamisi mchana, kwa kuwa mjukuu wangu yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya na wenzake hufua nguo. Alete gari lake, atumie ya kwetu, umeme achangie. Hakujibu ndiyo wala hapana, akaaga kwa heshima akaondoka. Mjukuu wangu alikaa kimya hadi usiku, kisha akasema, "Babu, ungempa tu." Nikamwambia achukue nyundo.

Alhamisi ya kwanza hakuja. Ya pili alikuja na Noah ya mtu, nyeupe, imechorwa ubavu wote. Nilikaa kibarazani na gazeti. Alichomoa plagi, akafuta shafti kwa mswaki, akaishusha sahani kwa vidole vitatu, akaweka sponji, akaitoa, akaiweka tena. Kisha akageukia ukuta wa banda la kuku, akawasha mwendo wa chini, akainamisha kichwa upande wa jicho zima kuutazama ukingo. Akazima, akaisogeza sponji kidogo kushoto, akawasha tena.